Tusipige Makofi: Sinema ya "Vita vya Algiers" na Watu Iliowaacha Nje

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na ahali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Wasomaji wetu wapenzi, usiku mmoja baada ya sala ya Isha niliwakuta vijana wamekusanyika barazani kwa jirani yangu wanatazama sinema. Baadhi yao niliwasomesha mimi mwenyewe Juzuu Amma walipokuwa wadogo. Walinipisha mahali pa kukaa, mmoja akaniambia, "Karibu, Maalim. Hii si ya upuuzi. Ni jihadi ya ndugu zetu wa Aljeria." Nikakaa.

Sinema yenyewe ni ile mashuhuri iitwayo "Vita vya Algiers", aliyoitengeneza Mtaliana Gillo Pontecorvo mwaka 1966. Tukafika pale ambapo wanawake watatu wa Kiislamu wanavua shuka zao za kujistiri, wanakata nywele na kuvaa nguo za Kizungu, wanapita vizuizi vya askari na vikapu mikononi, na ndani ya vikapu mna mabomu. Mmoja anaingia mkahawani. Anakaa, anatazama, nasi tunatazama pamoja naye: watu wanaongea na kucheka, na mtoto mdogo anaramba aiskrimu yake. Kikapu kinasukumwa kwa mguu chini ya kiti. Mwanamke anatoka. Bomu linaripuka, na baraza nzima ikapiga makofi.

Mimi sikupiga, wala sikuwakemea waliopiga, kwa sababu ningekuwa na umri wao huenda ningepiga kuliko wao. Lakini nilirudi nyumbani nikakaa macho muda mrefu, na haya ninayoyaandika ndiyo niliyokuwa nikiyafikiri. Je, sinema ile iliwataka wapige makofi? Na kama haikuwataka, ni kitu gani ilichokiacha hata wakaona makofi ndiyo jawabu?

Haki ya sinema hii

Insafu inataka tuanze kwa kumpa mtu haki yake. Sinema hii si mchezo wa risasi na mbio za magari. Imepigwa Algiers kwenyewe, katika vichochoro na ngazi za Kasba, na karibu wote wanaoonekana humo ni watu wa mji ambao hawakuwahi kuigiza maishani mwao. Muigizaji wa kazi ni mmoja tu aliye mkubwa, Mfaransa Jean Martin, anayemuigiza Kanali Mathieu, mkuu wa askari wa miamvuli. Naye katika maisha yake alitia sahihi, mwaka 1960, tangazo la Wafaransa 121 walioipinga vita hiyo. Picha zake ni nyeusi na nyeupe, na zimefanana na habari za kweli hata mtazamaji yuko tayari kuapa kwamba anayaona mambo yenyewe, ilhali hamna humo hata kipande kimoja cha picha za habari. Ilipewa tuzo kubwa ya Venice mwaka ule ule wa 1966, na huko Ufaransa ilipita miaka kadhaa haionyeshwi.

Tena haikusema uongo juu ya dhulma. Ufaransa iliingia Algiers mwaka 1830. Ilichukua ardhi na mali za wakfu, ikageuza misikiti kuwa makanisa na maghala. Kwa sheria ya mwaka 1865 Muislamu aliambiwa kuwa ni raia wa dola ya Ufaransa, lakini hapati haki kamili za Mfaransa mpaka akubali kutohukumiwa kwa sharia ya dini yake katika ndoa, talaka na mirathi. Aachane na hukumu ya Mola wake ndipo aitwe mtu sawa! Mwezi Mei 1945, dunia ikisherehekea kushindwa kwa Hitler, Waislamu wa Sétif waliandamana na bendera yao wakapigwa risasi. Wazungu kama mia moja waliuawa katika ghasia zile, na kisasi cha Ufaransa kikala Waislamu kwa maelfu. Vita vilipoanza, Wazungu walikuwa kiasi cha milioni moja, na Waislamu milioni nane au tisa. Anayetaka kujua kwa nini bunduki zililia, jawabu ni hilo.

Na sinema haikuficha mateso ya kuwateka watu na kuwatia katika maji, umeme na moto. Inamwonyesha Larbi Ben M'hidi, mmoja wa viongozi wakubwa, akikamatwa mwaka 1957, kisha inatangazwa kwamba amejinyonga. Watu wa Algiers hawakuiamini kauli hiyo, na mtazamaji naye haiamini. Ikapita miaka mingi mpaka Jenerali Paul Aussaresses akakiri mwenyewe, mwaka 2001, kuwa walimuua, na serikali ya Ufaransa ikakiri rasmi Novemba 2024. Katika hili sinema ilikuwa mbele ya serikali kwa miaka hamsini na minane.

Haya yote ni sifa, na sifa hizi ndizo zinazonifanya niseme kwa uzito yanayofuata. Kazi dhaifu haidhuru mtu. Kazi nzuri ikiacha kitu nje, watu huamini kwamba kitu hicho hakikuwapo.

Shahidi na mdai

Asili ya kisa hiki ni kumbukumbu za Saadi Yacef, aliyekuwa mkuu wa wapiganaji wa FLN mjini Algiers. Alikamatwa mwaka 1957, akahukumiwa kifo, akanusurika. Baada ya uhuru yeye ndiye aliyewaendea Wataliana, kampuni yake ndiyo iliyoshirikiana nao kuitengeneza sinema, na yeye mwenyewe anaonekana ndani yake kwa jina la Jaffar, yaani anaigiza nafsi yake.

Tunaposomesha mlango wa shahada katika fiqhi, tunawaambia wanafunzi kwamba mtu hawi shahidi katika daawa yake mwenyewe. Hii si kusema kwamba ni muongo. Huenda kila neno lake ni kweli. Lakini neno lake lina jina lake nalo ni dai, na dai linataka bayana. Vijana wetu waliitazama sinema kama shahidi, na hali ni mdai. Na mdai, hata akiwa mkweli, hataji yale ambayo upande wake haupendi kuyakumbuka.

Yacef na Pontecorvo walitupa pande mbili: Kasba na mji wa Wazungu, Ali la Pointe na Kanali Mathieu. Wakati mmoja tu, mwanzoni kabisa, mlango ulifunguka kidogo. Uso wa kwanza tunaouona ni wa Muislamu aliyeteswa mpaka akasema mahali alipojificha Ali. Askari wanamvisha sare ya Kifaransa awaongoze, naye machozi yanamtiririka. Mtu huyu yuko upande gani? Mfaransa hamtaki ila kwa haja yake, na ndugu zake hawatamsamehe. Mpaka wa vita umepita katikati ya kifua chake. Kama sinema ingemfuata mtu huyu, ingekuwa sinema nyingine. Lakini ilimwacha hapo, ikarudi nyuma mpaka 1954, na tangu hapo ikatupangia safu mbili zilizonyooka.

Siku ya kwanza

Sasa tuitazame hiyo 1954 kama ilivyokuwa. Vita vilitangazwa usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba. Wapiganaji walikuwa wachache, silaha zao hafifu, mashambulizi yao ni madogo madogo huku na huku. Tangazo lao lilidai dola huru ndani ya misingi ya Uislamu, na likawaahidi Wafaransa wanaotaka kubaki kwamba watahiari uraia waupendao. Serikali ya Paris ikajibu kwamba Aljeria ni Ufaransa, na hakuna la kuzungumza.

Asubuhi yake, katika bonde la Tighanimine kwenye milima ya Aurès, wapiganaji walisimamisha basi. Ndani mlikuwa na kaidi mmoja aitwaye Hadj Sadok, Muislamu aliyekuwa mtumishi wa serikali, na kijana wa Kifaransa Guy Monnerot, mwalimu wa skuli, pamoja na mkewe. Waliteremshwa. Kaidi na mwalimu wakauawa kwa risasi. Mke alijeruhiwa, akapona. Amri iliyotolewa kwa usiku ule ilikuwa raia wa Kizungu wasiguswe, lakini risasi ikishatoka haisomi amri.

Ndugu zangu, zingatieni. Katika watu wa mwanzo kabisa waliokufa katika vita hivi mmoja ni Muislamu, na mwingine ni mwalimu aliyekuja kuwasomesha watoto wa Kiislamu vijijini. Mimi ni mwalimu, nami kila nikilikumbuka basi lile huona vitabu vyake vimebaki kitini. Sisemi kwamba kaidi yule hakuwa na makosa, wala sisemi kwamba skuli ya mkoloni haikuwa chombo cha mkoloni. Nasema kwamba safu zile mbili zilizonyooka hazikuwapo hata siku ya kwanza.

Pande zilizokuwa ndani ya pande

Nani aliyewafundisha Waaljeria kudai uhuru? Messali Hadj alikuwa akiudai tangu miaka ya 1920, akafungwa, akahamishwa, akafungwa tena. Vita vilipoanza hakuwa pamoja na vijana wa FLN waliotoka katika chama chake, akaunda harakati yake, MNA. Basi watu wawili waliokuwa na adui mmoja na kibla kimoja wakaanza kuchinjana, Aljeria kwenyewe na katika mitaa ya Ufaransa walikokaa wafanyakazi, mpaka maiti zao zikahesabiwa kwa maelfu. Mwisho wa Mei 1957, mwaka ule ule ambao sinema inautukuza, wapiganaji wa FLN waliwaua wanaume wapatao mia tatu wa upande wa Melouza kwa sababu ya kuelemea kwa wenzao wa MNA. Sura ya al-Hujurat inatuamrisha yaonapo makundi mawili ya Waumini yanapigana tuyasuluhishe. Nani aliyesuluhisha? Na sinema imemtaja Messali? Hata kwa jina, hapana.

Na maulamaa je? Sheikh Abdelhamid Ben Badis alianzisha jumuiya ya maulamaa wa Aljeria mwaka 1931, wakafungua madrasa nchi nzima na kuihifadhi lugha ya Kiarabu, wakati Ufaransa ikiihesabu kama lugha ya kigeni katika nchi ya wenyewe. Yeye alifariki mwaka 1940, lakini vijana wengi walioshika bunduki walitoka katika pumzi ya skuli zile. Vita vilipoanza, maulamaa waliokuwa ndani ya nchi walisita, na jumuiya ikaunga mkono wazi wazi mwanzoni mwa 1956. Mmoja wao, Sheikh Larbi Tebessi, alichukuliwa nyumbani kwake mjini Algiers mwezi wa Aprili 1957, hakuonekana tena mpaka leo wala kaburi lake halijulikani. Mji ni ule ule, mwaka ni ule ule, na kamera ya Pontecorvo haikupita mlangoni kwake.

Hata upande wa pili haukuwa safu moja. Jenerali Jacques de Bollardière, askari mwenye nishani, alikataa utesaji mwaka 1957, akaomba aondolewe, na aliposema hadharani akafungwa ngomeni siku sitini. Maurice Audin, kijana Mfaransa mwalimu wa hesabu, alikamatwa Algiers Juni mwaka huo na askari wa nchi yake kwa sababu aliungana na Waaljeria, akafia mikononi mwao. Ufaransa ilikiri mwaka 2018. Mtazamaji wa Kiislamu angewajua watu hawa, angejifunza kwamba katika kambi ya dhalimu yumo anayeikataa dhulma, na asingemtazama kila aliyekaa katika mkahawa kama ni Kanali Mathieu.

Mlevi na kikapu

Kuna sehemu nyingine ambayo vijana waliifurahia, na wazee pia wangeifurahia. FLN inapiga marufuku pombe, bangi na umalaya katika Kasba. Nani kati yetu atapinga? Lakini tazameni namna ilivyotendeka: kundi la watoto linamvamia mlevi mmoja, linamvuta na kumburura kwenye ngazi. Sisi tunajua kwamba kuamrisha mema na kukataza maovu kuna masharti, na hukumu ina kadhi wake, na mlevi naye ana hishima ya kiumbe. Mtoto aliyefundishwa leo kumburura mlevi, kesho atamburura nani? Hapa nampongeza Pontecorvo, kwa kuwa hakupamba. Alitia picha ile kwa ukatili wake, ikakaa machoni. Sisi watazamaji ndio tuliotia furaha.

Nikarudi kwenye kikapu. Sinema inaonyesha sababu yake: bomu la usiku lililowekwa na Wazungu wenye siasa kali katika mtaa wa Thèbes, Agosti 1956, lililoangusha nyumba juu ya Waislamu waliolala, wakafa kwa makumi. Kabla yake, Juni 19, Ahmed Zabana na mwenzake walikuwa wamekatwa vichwa gerezani. Uchungu ule ni wa kweli. Nami nimekaa hapa pwani, sijateswa, sijafukua mtoto wangu katika kifusi, si haki yangu kuketi kiti cha kadhi juu ya wanawake wale. Hesabu yao iko kwa Mola wao.

Lakini kitendo kina hukumu hata kama mtendaji ana udhuru. Mtume wetu (s.a.w.) alikataza kuuawa wanawake na watoto vitani. Sayyidna Abubakar aliwausia majeshi yake hivyo hivyo, akaongeza wazee, watawa na miti yenye matunda. Na Sura ya al-Maida inatukataza tusiache chuki tuliyonayo juu ya watu ikatutoa katika uadilifu. Tarehe 30 Septemba 1956, katika mkahawa mmoja kati ya ile iliyopigwa, mtoto wa kike wa miaka mitano alikatika mguu na bibi yake akafa. Mtoto huyo hakukata kichwa cha Zabana.

Na asiniambie mtu kwamba haya ni maneno rahisi ya mtu wa barazani, kwamba vitani hakuna nafasi ya kuyafanya. Aljeria yenyewe ina shahidi. Amir Abdelkader aliwapiga Wafaransa hao hao tangu 1832 mpaka 1847, na jeshi lao lilikuwa likichoma vijiji na mashamba ya watu wake. Mateka wake walikula alichokula yeye, na chakula kilipokosekana aliwaachia huru. Inasimuliwa kwamba Askofu Dupuch wa Algiers alipomuombea mateka mmoja, Amir alimlaumu kwa nini hakuwaombea wote, na kwa nini asiwakumbuke na Waislamu walioko katika jela za Kifaransa. Na mwaka 1860, akiwa uhamishoni Damascus, aliwakinga maelfu ya Wakristo waliotaka kuuawa na umati wa Waislamu. Mtu aliyekuwa na haki ya kuchukia kuliko wengi hakuiachia chuki ishike hatamu. Huyo naye ni upande mmoja wa Aljeria, na ndio upande ninaotaka vijana wangu waujue kabla ya kujua kikapu.

Mavuno

Uhuru ulipatikana Julai 1962, na ulikuwa haki. Wazungu karibu wote walihama. Waislamu waliotumikia jeshi la Ufaransa wakaachwa na bwana wao, na maelfu wakauawa. Kisha upanga uliozoea kumaliza hitilafu haukurudi alani. Abane Ramdane alikwisha kuuawa na wenzake tangu Desemba 1957. Ben Bella, rais wa mwanzo, alipinduliwa Juni 1965, wakati sinema hii inatengenezwa, na husimuliwa kwamba wenyeji walipoviona vifaru mjini walidhani ni vya sinema. Khider aliuawa Madrid mwaka 1967, Krim huko Ujerumani mwaka 1970, Boudiaf akiwa rais mwaka 1992. Na katika miaka ile ya 1990 Waaljeria wakachinjana wenyewe kwa wenyewe, kila upande ukijiita wenye haki. Mtu asome tarikh hii, kisha aniambie kwamba kaidi wa Tighanimine na watu wa Melouza walikuwa mambo madogo ya kuachwa nje.

Mwaka 2003 wakuu wa jeshi la Marekani, majeshi yao yakiwa Iraq, waliitazama sinema hii huko Pentagon wapate somo. Vijana wetu barazani waliitazama wapate somo pia. Anayevamia na anayevamiwa wametazama picha moja, kila mmoja akaona alichokuja nacho. Hilo si kosa la kioo peke yake.

Hata hivyo mtengenezaji mwenyewe alitupa alama. Wanapotolewa maiti wa Kiislamu katika kifusi cha mtaa wa Thèbes, hupigwa sauti ya huzuni. Wanapotolewa maiti wa Kizungu mkahawani, ni sauti ile ile. Barazani hakuna aliyeisikia, kwa sababu ya makofi.

Basi nimewaambia vijana tutaitazama tena Ijumaa ijayo baada ya Isha, pamoja, na mimi nitakuwapo. Hawatakatazwa kuhuzunika wala kukasirika juu ya dhulma, kwani asiyekasirikia dhulma moyo wake umekufa. Nimewaomba jambo moja tu, kwamba itakapofika pale pa kikapu wanyamaze, waisikilize sauti ile mpaka iishe.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliodhulumiwa wa Aljeria, wanaojulikana makaburi yao na wasiojulikana, na atujaalie katika wanaosimama na haki hata juu ya nafsi zao. Wabillahi tawfiq.